Wasomaji Kumi na Saba wa Bi Kidawa

Jumatano, 3 Mei 2000

Wasomaji kumi na saba! Miaka kumi na miwili ya utafiti, madaftari tisa, malaria sijui mara ngapi, na dunia nzima wamejitokeza watu kumi na saba. Kati yao kumi na mmoja ni mimi mwenyewe.

Leo Dokta Praxeda, mkuu wa kituo chetu cha utafiti wa wanyama wanaohama, alituita ofisini, mimi na Laurenti. Tukakaa mbele ya meza yake kama wanafunzi waliochelewa. Akatukumbusha kwamba tangu Februari kituo kina tovuti yake kwenye intaneti. Ukurasa wangu unaitwa "Kasa wa Mkwaja: Watokako na Waendako". Ukurasa wa Laurenti ni wa tembo. Chini ya kila ukurasa kuna kaunta, kisanduku cheusi chenye tarakimu za kijani, inayohesabu waliofungua. Mimi, 17. Laurenti, 212.

Sasa sikiliza, shajara. Wafadhili wanatupatia kidude kimoja cha setilaiti. Kimoja tu! Ukishamfunga nacho mnyama, popote aendapo unamwona. Tarehe 31 wafadhili watakuja kuamua kiende kwa nani, na Dokta alisema, huku akitazama dirishani, kwamba idadi ya wasomaji si kila kitu lakini wafadhili wa siku hizi wanapenda tarakimu.

Laurenti akatabasamu. Kijana wa Pongwe, digrii moja, pikipiki moja, kiburi cha watu wanne.

Mimi nakitaka kidude hicho kwa ajili ya Bi Kidawa. Niliandike hapa, maana mahali pengine popote watanicheka. Bi Kidawa ni kasa jike, ana pengo kwenye gamba, nyuma upande wa kushoto, kama biskuti iliyoumwa. Nilimwona ufukweni Mkwaja mara ya kwanza mwaka 1988, mwisho wa Mei, nilipokuwa bado karani wa serikali mwenye mshahara na baiskeli ya ofisi. Akarudi 1991, akarudi 1994. Mimi nikawa nimepunguzwa kazini, ofisi imefungwa, baiskeli imeuzwa kwa mnada, yeye akarudi. Akarudi 1997. Mwaka huu ni zamu yake. Akishataga huingia baharini na kupotea miaka mitatu. Sijui anakwenda wapi. Nataka kujua kabla sijafa. Hilo tu.

Mize, mke wangu, anasema nazikumbuka tarehe za Kidawa kuliko tarehe ya ndoa yetu. Ndoa yetu ilikuwa Agosti. Au Septemba.

Nitampita Laurenti. Hizi ni zama za soko huria, na wasomaji nao ni bidhaa!

Ijumaa, 5 Mei

Mpango wa kwanza. Nimeshinda dukani kwa Zehra Karmali. Baba yake anauza madaftari na kalamu, Zehra ameweka kompyuta mbili pembeni ya mashine ya fotokopi na kuandika mlangoni INTANETI IPO. Ndiye aliyepandisha kurasa zetu kwenye tovuti. Binti ana adabu. Huanza na shikamoo hata akitaka kukuambia umekosea.

Nikafungua ukurasa wangu. Kaunta: 18. Nikaufungua tena. Na tena. Zehra alinionyesha kitufe kimoja kinachofungua upya bila kuhangaika. Nikakibonyeza kwa kidole cha shahada, kikachoka, nikahamia cha kati. Mara mia mbili na kumi. Nilihesabu kwa sauti mpaka mteja wa fotokopi akaniuliza kama najisikia vizuri.

Mwishoni nikavaa miwani kutazama. Kaunta: 18.

Zehra akaniita Mzee Shaib, akanieleza taratibu kwamba kaunta inamtambua mtu. Duka zima lina laini moja ya simu, kwa hiyo kwa siku linahesabiwa mara moja tu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema aliona nafurahi.

Kidole kimevimba. Mize amekitia maji ya chumvi na kuniuliza kama ni kasa aliyeniuma.

Jumatatu, 8 Mei

Mpango wa pili, mkubwa! Kwa kuwa kaunta inahesabu mara moja kwa siku, nikafikiri labda Zehra hakuielewa vizuri. Ni msichana mdogo. Labda inataka nyuso tofauti.

Nikakusanya watu. Wacheza bao wa mtaani kwetu, mafundi cherehani wawili, binti yangu Samira na shoga zake watano, muuza kahawa pamoja na birika lake. Thelathini na mmoja! Nikawaahidi kashata. Tukaingia dukani kwa foleni. Kila mmoja akaketi, akasoma, akainuka. Na kweli walisoma! Muuza kahawa aliuliza kasa wanajuaje njia bila ramani. Fundi mmoja alitaka kuona picha ya lile pengo, akasema angeweza kulitia kiraka. Shoga mmoja wa Samira alilia kidogo aliposoma mahali nilipoandika kwamba kasa wengi huishia kwenye jarife, ule wavu mkubwa, wakachinjwa kabla hawajataga.

Kaunta: 19. Na ile moja Zehra aliongeza mwenyewe asubuhi, alipofungua kuona kama inafanya kazi.

Kumbe Zehra anabana matumizi. Intaneti hupita kwenye simu, na simu ni ghali, basi hupiga mara mbili tu kwa siku, asubuhi na alasiri. Kurasa anazihifadhi ndani ya kompyuta, wateja wanasoma nakala. Watu wangu thelathini na mmoja walisoma nakala. Intaneti haina habari nao.

Wasomaji thelathini na mmoja, hesabu sifuri! Huu ni uonevu. Nimemwambia Zehra hivyo. Akaitikia, akaniuliza kashata zimebaki ngapi.

Sikukata tamaa. Nimeprinti nakala sitini za ukurasa wangu, nyuma ya fomu za zamani za ofisi yangu iliyokufa, ili zisipotee bure. Juu nimeandika anwani ya tovuti. Chini kuna ombi langu: ukimwona kasa mwenye pengo nyuma upande wa kushoto, mwache aende zake, andika siku na saa, umletee Shaib Jaku, Chumbageni. Kesho nazigawa kwa watu wenye ndugu Ulaya.

Alhamisi, 11 Mei

Nakala zimetoweka! Niliziacha juu ya kabati. Nikamshuku Laurenti. Nilikuwa tayari nimeshaandika barua ya malalamiko kwa Dokta, kurasa mbili, nilipopita stendi na kumkuta Mize kwenye meza yake ya vitumbua, anamfungia abiria wa basi la Pangani vitumbua vinne ndani ya uhamaji wa kasa.

Nilipiga kelele. Watu walisimama. Mize akaendelea kufunga. Akasema, "Baba Samira, magazeti yamepanda bei. Karatasi zako nzito, hazipenyezi mafuta." Akaongeza kwamba wateja wamezipenda. Nikamwambia ule ni utafiti! Akasema ndiyo, na una nafasi ya vitumbua vinne, vitano ukikunja vizuri.

Hamsini na nne zimeshaondoka. Zimekwenda Pangani, Mkwaja, sijui wapi, zimelowa tui na iliki. Sita zilizobaki nimezifungia sandukuni.

Laurenti leo: 268. Alinisalimu kwa upole mno. Mtu asiye na hatia hasalimii hivyo.

Jumamosi, 13 Mei

Nimeipata dawa!

Nilikuwa kwa Zehra natazama kaunta (22) nikaona chini yake neno ambalo sikuwahi kulibonyeza: Kitabu cha Wageni. Zehra akasema hapo msomaji huandika jina, nchi na maoni yake. Cha Laurenti kina maoni manne. Changu kitupu. Na Dokta, alisema Zehra bila kujua anampa nani silaha, huwa anawachapia wafadhili maoni hayo yote.

Nikakodi kompyuta saa nzima. Kuanzia saa tatu mpaka saa nne asubuhi nimeandikiwa na nchi tisa!

Profesa Olafu wa Norwe. Bi Margareta wa Ujerumani, mjane. Bwana Tanaka wa Japani. Kapteni mmoja wa Brazili. Wengine sitaki kuwataja wote. Nimewaandikisha kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu ni cha fomu za ofisini, na mtu aliyempenda kasa wa Mkwaja kiasi hicho hashindwi kujifunza lugha.

Hii ya Profesa Olafu nainakili kwa sababu ni nzuri:

"Kwako mpendwa Bwana Shaib Jaku. Ni matumaini yangu u mzima wa afya. Mimi huku Norwe sijambo, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kukujulisha kuwa utafiti wako nimeusoma mara tatu. Huku masika yametushika, mashamba yamefurika na bei ya unga haishikiki. Kasa apewe kidude. Nisalimie Bi Mize na wote wanifahamuo."

Bwana Tanaka alimpa Mize pole ya jino. Kwa kweli Mize anaumwa jino. Mambo madogo kama hayo ndiyo huleta uhai kwenye maandishi.

Ijumaa, 19 Mei

Siku tulivu. Ushindi unapikika.

Mize ameniuliza mbona mkoba wangu wa safari bado umetundikwa. Kila mwaka wa Bi Kidawa, ikifika tarehe kumi na tano mimi niko Mkwaja na kandili yangu. Nikamwambia mwaka huu kazi iko huku. Nikipata wasomaji napata kidude, nikipata kidude sihitaji tena kukaa ufukweni kuumwa na mbu. Akasema kidude atafungwa nani, kama mimi niko Chumbageni na kasa yuko Mkwaja. Nikamwambia hajui utafiti wa kisasa.

Kaunta: 27. Ya Laurenti: 340. Nani anasoma habari za tembo? Kila mtu anajua tembo anaonekanaje!

Jumatano, 24 Mei

Nimefedheheshwa. Lakini naandika nikiwa nimesimama wima.

Dokta Praxeda alituita tena. Mezani palikuwa na barua zangu tisa. Akaanza kuzisoma kwa sauti, moja moja, kwa utulivu wa mtu anayesoma risala. Profesa Olafu, hofu na mashaka ni kwako. Bi Margareta, hofu na mashaka ni kwako. Kapteni wa Brazili, hofu na mashaka. Alipofika kwa Bwana Tanaka, Laurenti alikuwa ameliegemea kabati la mafaili, machozi yanamtoka.

Dokta akauliza masika huanza lini Norwe. Nikasema hali ya hewa ya dunia imebadilika sana. Akauliza Mjapani amejuaje jino la mke wangu. Nikasema habari siku hizi zinakwenda kasi, ndiyo maana ya intaneti. Akauliza ilikuwaje nchi tisa zikaandika siku moja, saa moja, kutoka laini ya simu ya duka la Karmali. Hapo nikavua miwani nikaifuta. Si kwa kushindwa. Nilikuwa nafikiri.

Nikamwambia ukweli wangu. Kwamba serikali ilituambia tujitegemee, tutafute soko, tutangaze bidhaa. Kila mtu anauza dawa ya meno isiyong'arisha na sabuni isiyotoa povu, lakini Shaib Jaku akitangaza kasa anaitwa mwongo! Dokta akasema hakuniita mwongo. Akasema anauondoa ukurasa wangu kabla wafadhili hawajafika, kwa kunisitiri.

Kunisitiri! Madaftari tisa!

Laurenti alinifuata mlangoni akasema amesikitika, na kwamba barua ya Kapteni ilikuwa imeandikwa vizuri. Nikaendelea kutembea. Ilikuwa imeandikwa vizuri.

Jumamosi, 27 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi alikuja mwanamke asiyejulikana, akapiga hodi. Anaitwa Saleha, anachuuza samaki, anawafuata Mkwaja na kuwaleta mjini. Mize akamtambua, ni mteja wake wa vitumbua. Akatoa kwenye kanga karatasi iliyokunjwa, ina mafuta kama taa ya chemli. Ilikuwa ukurasa wangu.

Alisema aliusoma ndani ya basi baada ya kula, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, kisha akauweka. Alhamisi alfajiri alikuwa ufukweni Mkwaja akingoja samaki. Watu wa jarife wakavuta, ndani akaja kasa mkubwa. Kisu kilikuwa kimeshatolewa. Yeye akaona pengo. Nyuma, upande wa kushoto. Akawaambia ngojeni, huyu ana karatasi yake.

Akawasomea palepale. Ukurasa wote, tangu 1988. Alisema wale watu walisikiliza mpaka mwisho, na mmoja akauliza kama ni kweli huyu kiumbe amekuwa akija kwao kabla yeye hajatahiriwa. Wakabishana. Mwenye wavu alilalamika sana kuhusu wavu wake. Kisha wakakata kamba, wakamsukuma majini wenyewe, watu sita. Saleha akaandika pembeni kwa kalamu ya kuazima, kama nilivyoomba: Alhamisi, 25 Mei, saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Bi Kidawa amekuja. Mara ya tano.

Na mimi sikuwapo. Tangu 1988 hii ndiyo mara ya kwanza sikuwapo, na sikuwapo kwa sababu nilikuwa Chumbageni nahesabu watu. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikasimama kando ya pipa la maji nikalia. Si kidogo. Mize alinisikia, akaja, akanipa kitumbua.

Saleha aliuliza kama karatasi anaweza kurudishiwa. Watu wa Mkwaja wanaitaka, wameitengea nafasi kwenye ukuta wa banda la samaki. Nikampa zile sita za sandukuni.

Jumatano, 31 Mei

Wafadhili wamekuja, watatu. Mize alinilazimisha kumpelekea Dokta ile karatasi ya Saleha, nami nikampelekea kwa shingo upande.

Dokta aliiweka mezani mbele yao, mafuta na yote. Akawaeleza. Mmoja wao, mama wa makamo, akainusa na kuuliza harufu hii ni ya nini. Vitumbua. Akauliza vinapatikana wapi. Halafu Dokta akasema jambo ambalo nitalikumbuka: kwamba tovuti yetu imefunguliwa mara mia nne na zaidi, lakini anamjua msomaji mmoja tu ambaye alisoma kisha akamzuia mtu mwenye kisu.

Kisha Laurenti akasimama. Nikajua sasa ananimaliza. Akasema tembo wake hawaendi mbali, watakuwapo mwakani, kidude kiende kwa kasa! Bado natafuta hila iliyomo ndani ya maneno hayo. Lazima ipo.

Basi, imeamuliwa. Kasa hutaga zaidi ya mara moja kwa msimu. Bi Kidawa bila shaka alikuwa ametoka kutaga alipoingia wavuni, na kama hakuchukizwa, atapanda tena ufukweni wiki mbili baada ya ile Alhamisi, yaani tarehe 8 Juni, pengine siku mbili tatu kabla. Kidude anacho Dokta, pamoja na gundi yake. Laurenti amefundishwa kukigandisha. Mimi ndiye ninayemjua Bi Kidawa na sehemu anayoipenda. Asipoonekana hadi tarehe 10, kidude kinarudi kwa tembo. Tunaondoka Jumamosi kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi. Mize anakuja na vitumbua vyake, ana wateja kule sasa.

Dokta ameurudisha ukurasa wangu. Amenishika mkono akaniambia, Mzee Shaib, achana na kaunta. Nikamwambia nimeelewa kabisa.

Nimeelewa kabisa!

Jumamosi, 3 Juni

Saa kumi na moja na nusu nilikuwa njiani kwenda stendi. Mize alitangulia na mkoba wangu. Laurenti, nilivyoambiwa baadaye, alikuwa ameshafika, amekaa dirishani kwenye basi, kidude mapajani.

Nikapita dukani kwa Zehra. Kupita tu! Siku hizi anafungua alfajiri kwa sababu simu ni rahisi saa hizo, na jana aliniambia ukurasa ukirudishwa kaunta huanza upya, sifuri. Nikaona si vizuri Bi Kidawa akae na sifuri siku kama ya leo. Nikafungua. Kaunta: 1.

Halafu nikaona Kitabu cha Wageni. Kitupu, cheupe, kimesafishwa. Nikakaa kidogo nikafikiri kosa langu lilikuwa wapi. Nimelitafuta wiki nzima na leo nimelipata. Kosa lilikuwa mvua! Norwe hakuna masika. Zehra amenithibitishia kuwa kule ni theluji.

Nimeandika upya, nchi kumi na moja safari hii. Profesa Olafu sasa anasema: "Mimi huku Norwe sijambo, hofu na mashaka ni kwako. Theluji imetushika, mihogo yote imefunikwa." Hapo hakuna wa kunishika.

Nilipotoka jua lilikuwa limeshachomoza, na stendi pale penye basi la Mkwaja palikuwa na dimbwi la oili tu. Basi limeondoka na Mize, Laurenti, kidude, gundi na mkoba wangu wa nguo. Mize aliacha ujumbe kwa muuza maji: kwamba pengo analijua, ameolewa nalo miaka kumi na miwili. Basi jingine ni Jumatatu, barabara ikikauka.

Sina wasiwasi. Bi Kidawa ni mstaarabu, hawezi kupanda ufukweni bila mimi. Nimerudi kwa Zehra kungoja apige simu ya alasiri. Kaunta bado inasema 1, lakini huenda haijaamka.